Bosi Mia Tano na Bluu Mbili

Sehemu ya Saba

Ndiyo, alikaa juu ya pasi.

Najua mmesubiri wiki nzima kwa hilo, na wengine mmetuma ujumbe gazetini kuuliza kama pasi ilikuwa ya moto. Ilikuwa vuguvugu, jamani. Fundi aliyekuwa akiitumia alikuwa ameizima na kwenda kunywa maji. Suruali ya bosi ilipona. Heshima yake ndiyo iliyoungua kidogo, na mafundi wote waliona.

Swali la maana ni lile la pili. Aliona nini kwenye ile sare hata akakaa bila kutazama nyuma?

Aliona bluu mbili.

Alikuwa ameichukua sare mpya, imeshonwa, imenyooshwa, akasogea nayo dirishani ili aipige picha. Jua la saa nne asubuhi likaangukia begani. Kifua kilikuwa bluu. Mkono nao ulikuwa bluu, ila bluu ya ukoo mwingine kabisa.

Akanyakua ya pili. Mgongo umekolea, kola imepauka. Akanyakua ya tatu, na hiyo ndiyo iliyomkalisha, maana hata mkono wa kulia na wa kushoto haikujuana.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kufungua ukurasa huu, karibu, sogea nikueleze upesi kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Huyu bwana ana karakana ya ushonaji. Cherehani sita, meza moja ndefu ya kukatia, na kijiofisi cha mbao chenye kioo cha kutazamia wenzake wakifanya kazi. Karakana waliachiwa na baba yao, yeye na dada yake mkubwa. Yeye akawa bosi kwa sababu siku ya makabidhiano dada alikuwa katikati ya kukata kitambaa, akasema, "Endeleeni tu, nakuja." Hadi leo hajafika kwenye kikao hicho.

Miezi miwili iliyopita bosi wetu alihudhuria semina ya malengo. Akapewa kalamu, kijitabu, na mkufunzi mwenye tai akamwambia aandike namba kubwa ukutani na kuitazama kila asubuhi bila kupepesa. Akarudi na kopo la rangi nyekundu, akaandika ukutani: 500. Mia tano ya nini, hakujua bado. Alipata jina la Mia Tano kabla hajapata kazi ya kuijaza hiyo namba.

Kisha akaja matroni wa chuo cha uuguzi, anatafuta sare za wanafunzi. Wanafunzi wangapi? Mia tano. Mnaona mambo hayo? Mtu wetu nusura apige magoti. Akaahidi sare mia tano kwa wiki tatu, akarudi ofisini akifuta machozi ya furaha.

Sasa dada. Karakana nzima inamwita Bi Chaki, kwa sababu kipande cha chaki hakitoki nyuma ya sikio lake. Amekata nguo miaka thelathini. Na anajua jambo moja ambalo mdogo wake hakutaka kulijua: kitambaa huja kwa majora, na kila jora limetiwa rangi siku yake. Majora mawili ya bluu yanaweza kufanana chini ya taa, ukiyatoa juani yakakanana. Ndiyo maana Bi Chaki huandika namba ya jora kwa chaki upande wa ndani wa kila kipande, ili shati moja lipate kifua, mikono na kola kutoka jora lilelile.

Kazi hiyo inachukua muda. Jumatatu ya wiki jana Mia Tano alisimama kando ya meza akimpima dada yake kwa saa ya simu, na alipoona dakika zinavyokwenda akaipiga marufuku chaki.

"Bluu ni bluu, dada," alisema. "Tuna lengo."

"Sawa, bosi," alijibu Bi Chaki.

Dada aliyekubeba mgongoni akikuita bosi, jiulize mara mbili. Mia Tano hakujiuliza hata mara moja. Ndipo Bi Chaki alipoongeza maneno mengine, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza nyuzi. Alisema kile kiwanda kikubwa cha nguo upande wa pili wa mji kinamtaka tangu mwaka jana. Alisema anampa mdogo wake oda hii moja. Ikiharibika kwa haraka zake, hatagomba wala hatalia. Atakunja aproni yake na kwenda.

Na karakana bila mkataji ni cherehani sita zimekaa zinatazamana. Hilo hata Mia Tano alilijua. Kwa hiyo alipokalia ile pasi, hakuwa akiwaza kitambaa. Alikuwa akiwaza ile aproni.

Tuendelee.

"Zimeshonwa ngapi?" alinong'ona.

"Mia moja na kumi na mbili, bosi," alijibu Redio, fundi wa cherehani ya kwanza. Anaitwa Redio kwa kuwa hazimwi. Mnong'ono wake ulisikika hadi barabarani.

"Na zilizokatwa?"

"Mia tano zote. Zimechanganyika kwenye vile viroba. Ulisema tusipoteze muda kupanga."

Mia Tano alitupa jicho mezani. Bi Chaki alikuwa amewapa mgongo, anakata mifuko. Mkasi wake ulikuwa ukienda taratibu, kru, kru, kru, bila kusimama.

"Wewe hukuona kwamba rangi hazifanani?"

"Nione wapi, bosi? Mimi nakaa chini ya taa. Chini ya taa zote ni mapacha."

Mia Tano alimtazama Redio. Halafu akazitazama taa. Halafu akayatazama madirisha mawili makubwa yaliyokuwa yakimwaga jua ndani ya karakana. Mwanangu, wazo baya huwa halibishi hodi.

Simu ikaita mfukoni. Matroni. "Niko getini kwenu. Nimekuja kuona zilizo tayari, kama tulivyokubaliana."

"Karibu sana, mama," alisema Mia Tano, na mkono mwingine ulikuwa tayari unamwonyesha Redio jora lililobaki na dirisha.

Dakika mbili baadaye karakana ilikuwa imezibwa. Jora la bluu lilitandazwa madirishani kama shuka, likabanwa kwa pini, taa zote zikawashwa. Joto likaanza kupanda palepale. Mafundi walitazamana. Bi Chaki aligeuka, akayatazama madirisha, akamtazama mdogo wake, akarudia mifuko yake.

Matroni akaingia.

Ni mama mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na miaka ishirini amekuwa akipita wodini akitafuta vumbi chini ya vitanda, na kulipata. Alisalimia kila fundi. Akaketi, akaletewa rundo, akaanza.

Alivuta mshono wa begani kwa mikono miwili. Mshono ukashika. Akahesabu vifungo. Akageuza ndani, akaangalia pindo. Akachukua nyingine, na nyingine. Mia Tano alikuwa akilowa shingoni, na si kwa joto tu.

"Kazi nzuri," alisema Matroni mwishowe. "Nilikuja na mashaka, nisikufiche. Nilidhani mtakuwa mmenilipulia. Lakini mishono hii imetulia."

"Sisi ni watu wa malengo, mama," alisema Mia Tano.

"Naona. Imeandikwa." Alitupa jicho ukutani. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi. "Basi nikuambie. Vyuo vingine vitatu vimenituma niwatafutie fundi. Jumla ni sare elfu moja na mia tano. Sasa sijui ninyi mngehitaji muda—"

"Wiki sita," alisema Mia Tano.

Mtu huyu alikuwa na mashati ya rangi mbili mbele yake, madirisha yamefunikwa shuka, dada anakaribia kumkimbia, na bado ulimi ulimtangulia. Alikuwa ameshasahau kila kitu. Macho yalikuwa ukutani, akikumbuka kwamba rangi nyekundu ilibaki kidogo kwenye kopo, na akipima kama tarakimu nne zitatosha pale au itabidi ahamishe kalenda.

Akachukua kalamu.

"Bosi," Bi Chaki aliita kutoka mezani. "Swali moja tu kabla hujasaini."

"Uliza, dada. Upesi."

"Kwa siku tunatoa sare ngapi?"

Mia Tano alitabasamu kwa Matroni. "Nyingi," alisema.

Redio alicheka puani.

"Nyingi ni ngapi?" aliuliza Bi Chaki.

Mia Tano alifungua mdomo. Akageukia ukuta, lakini ukuta ulijua namba moja tu. Akajaribu kukumbuka jana zilitoka ngapi, na juzi, na akagundua kwamba hajawahi kuhesabu. Kila asubuhi kwa miezi miwili alikuwa ameitazama mia tano bila kupepesa, na hakuna hata jioni moja aliyotazama rundo lililo mlangoni. Matroni alivaa miwani yake, akasubiri jibu. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuulizwa.

"Kumi na tisa," alisema Bi Chaki. "Kasoro kidogo. Na hapo umeme haujakatika."

Mia Tano ana kasoro zake, nimezitaja tangu sehemu ya kwanza, lakini hesabu za kichwa anaziweza. Kumi na tisa kwa siku. Siku sita kwa wiki. Wiki tatu. Jibu likaja lenyewe, bila kuitwa: mia tatu arobaini na mbili. Hata kama bluu zote zingekuwa ndugu wa tumbo moja, hata kama kila mtu angefanya kazi bila kukohoa, mia tano haikuwapo. Haikuwapo tangu siku ya kwanza. Na hiyo elfu moja na mia tano aliyoipa wiki sita ilitaka zaidi ya wiki kumi na tatu.

Hapo akasikia mkasi umenyamaza.

Bi Chaki alikuwa anafungua kamba za aproni. Aliivua, akaitandaza mezani, akaikunja mara moja. Akaikunja mara ya pili. Hakuwa na hasira, na ndicho kilichomtisha Mia Tano. Aliogopa, niseme ukweli. Mwanaume mzima, mwenye ofisi na kioo chake, aliogopa kama siku ile dada alipomwacha mlango wa darasa la kwanza na kuondoka bila kugeuka.

Akaweka kalamu chini. Akaenda dirishani, akashika ile shuka ya bluu, akaivuta. Pini zilitawanyika sakafuni. Jua likaingia lote kwa pamoja.

"Matroni," alisema, "naomba usogee hapa na hilo shati."

Matroni akasogea. Akatazama bega. Akatazama mkono. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama upya. Mia Tano alikiri yote kwa pumzi moja: chaki, majora, shuka dirishani, na kwamba dada yake alimwonya na yeye hakusikia.

Matroni aliweka shati chini. Alimwita Bi Chaki, na wanawake hao wawili wakasimama dirishani wakichambua rundo, shati baada ya shati, huku na huku. Ilichukua nusu saa. Zilizosalimika kwa bahati zilikuwa arobaini na moja. Sabini na moja zilikuwa na rangi mbili au tatu.

"Sasa nieleze," Matroni alimgeukia Mia Tano. "Fundi mwenye dada kama huyu anafanyaje kitu kama hiki?"

"Ni muda, mama. Wiki tatu zilitubana."

"Wiki tatu zipi?"

"Ulizotupa."

Matroni alimkazia macho. "Mimi? Mimi siku ile nilikuja kuuliza bei. Nilikuwa na mafua. Kabla sijamaliza kupiga chafya ulishasema mia tano, wiki tatu, na umenishika mkono. Nikadhani ndivyo mnavyofanya kazi hapa."

Cherehani zikasimama moja baada ya moja.

"Unataka kusema... hukuzihitaji kwa wiki tatu?" Sauti ya Mia Tano ilikuwa imepungua.

"Wanaoingia wodini tarehe moja mwezi ujao ni mia mbili. Hao lazima wavae sare. Mia tatu waliobaki watakuwa darasani miezi miwili na nguo zao za nyumbani. Hukuniuliza."

Msomaji, naomba tumpe dakika moja huyu bwana. Alipiga marufuku chaki, aliharibu mashati sabini na moja, alikalia pasi, alimsukuma dada yake hadi ukingoni, yote kwa ajili ya tarehe aliyojitungia mwenyewe. Hata Redio alikosa la kusema, na mafundi wanakumbuka kwamba hilo halijawahi kutokea.

Matroni alikunja karatasi ya elfu moja na mia tano, akairudisha mkobani. Zipu ya mkoba ilitoa sauti ndefu.

"Hii nimeiondoa. Tuzungumzie za wodini. Nataka mia mbili, rangi moja, tarehe moja. Mnaweza au niende kwingine? Na usinijibu wewe."

Wote wakamtazama Bi Chaki. Alitoa chaki sikioni, akaandika mezani.

"Zimebaki siku kumi na mbili za kazi," alisema. "Siku mbili tutatoa vipande vyote nje uani, tuvipange kwa jua. Mchana tu, jua likishuka tunaacha. Vitakavyokosa mwenzake vitakuwa mifuko na bitana. Zinabaki siku kumi, kumi na tisa kila siku, mia moja na tisini. Ongeza arobaini na moja nzima. Mia mbili thelathini na moja."

"Basi tuandike mia mbili na thelathini," Mia Tano alichomekea.

"Mia mbili," alisema dada yake.

"Lakini dada, hesabu inasema—"

"Hesabu haijui umeme, wala haijui fundi wa cherehani ya nne ana mtoto mgonjwa. Hiyo thelathini ni ya mambo hayo. Mia mbili, Matroni. Zile nyingine tutakuambia tarehe yake tukishaona hizi zimetoka."

Mia Tano alifunga mdomo. Iliuma, lakini aliufunga.

Matroni aliandika karatasi mpya pale pale, mwandiko wake wa kubana, mistari minne. Mia Tano alinyoosha mkono kuipokea. Karatasi ilimpita, ikaenda kutua mbele ya Bi Chaki.

"Saini hii naitaka kwa anayejua kumi na tisa," alisema Matroni.

"Mimi naondoka, mama," Bi Chaki alimjibu kwa upole. "Nilimwahidi mdogo wangu. Oda imeharibika."

"Basi na mimi naondoka." Matroni akachukua mkoba wake.

Mafundi sita waligeuza shingo kumtazama bosi wao. Fundi wa cherehani ya nne alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mia Tano aliwaona wote, mmoja mmoja, pengine kwa mara ya kwanza tangu apewe ufunguo wa ofisi. Akamfuata dada yake mezani.

"Dada, baki. Nakuomba. Unataka nini ili ubaki?"

Bi Chaki alimpima kwa macho. "Unauliza kweli, au jibu unalo tayari?"

"Nauliza."

"Utasubiri nimalize kusema?"

"Nitasubiri."

Alisubiri kweli. Bi Chaki hakuwa na haraka. Alipanguza vumbi la chaki kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Kuanzia kesho, mle ofisini naingia mimi," alisema. "Nitapanga mimi, nitaahidi mimi, na wateja watazungumza na mimi. Wewe utasimama hapa mezani, na mkasi, saa mbili kasorobo asubuhi. Nikikuambia kata kumi, utakata kumi. Ukifikisha mwaka mmoja bila kuniharibia jora, tutazungumza habari za malengo yako."

Mia Tano akacheka. Alijua utani wa dada yake, ameuzoea tangu utotoni, na hakika alitania. Alicheka vizuri, kwa nguvu, akageuka ili Redio amsaidie.

Redio alikuwa anaangalia sakafu. Mia Tano alipogundua kwamba anacheka peke yake, Bi Chaki alikuwa ameshaandika herufi mbili za kwanza za jina lake kwenye karatasi ya Matroni, na hapo kalamu ikasimama, ikimsubiri mdogo wake aseme ndiyo.